Maji Yameamkaje?

Siku yangu ya kwanza kazini niliketi kwenye kiti cha hakimu na miguu yangu haikufika sakafuni. Ilikuwa mahakama ya mwanzo wilayani Magu, na kiti kile kilichongwa kwa ajili ya bwana mrefu aliyenitangulia. Kulia na kushoto kwangu waliketi washauri wawili wa mahakama, wale ambao wananchi wamezoea kuwaita wazee wa baraza, kazi yao kusikiliza shauri pamoja na hakimu na kutoa maoni kabla ya hukumu. Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba. Watu waliingia na vipande vyeupe vimenasa kwenye nguo zao, na kila upepo ulipopita dirishani vilielea polepole juu ya vichwa vyetu, mpaka nikawa nasahau kuandika.

Shauri lenyewe lilikuwa la ng'ombe wa mahari. Bibi mmoja alipanda kizimbani, akaulizwa kama aliwaona ng'ombe wale wakiswagwa kuja kwa mkwewe. Akatazama mikono yake, asiseme neno. Nikasubiri, nikachoka, nikaruka kwenda swali la pili.

Hakimu Mfawidhi wa Wilaya, yaani msimamizi wa mahakama zote za wilaya ile, alikuwa amekaa benchi la nyuma kunitazama nikianza. Mchana akaniomba mwenendo, ndiyo yale maandishi ya kila kinachosemwa shaurini. Akausoma huku kidole kikifuata mistari.

"Hapa bibi aliulizwa swali," akasema. "Jibu liko wapi?"

"Hakujibu, Mheshimiwa. Alinyamaza."

"Mimi nilimwona akinyamaza. Jaji atakayeletewa rufaa atamwona wapi?" Akanirudishia karatasi. "Shahidi akinyamaza, andika kwamba amenyamaza. Usimwachie msomaji shimo."

Nikachukua kalamu nikaandika pembeni: shahidi amenyamaza. Vijana wa sheria wanaponiuliza nilijifunza nini katika kazi yangu yote, huwatajia vitabu ili wasikate tamaa na shule, lakini somo lililonifaa kuliko yote nilipewa siku ile.

Mwisho wa wiki nilivuka kwenda kumsimulia baba. Aliishi Kamanga, ng'ambo ya jiji la Mwanza, na alikuwa baharia wa kivuko: mtu wa kurusha kamba gatini na kuteremsha mlango wa chuma magari yapite. Baba alizaliwa pacha. Wasukuma humwita pacha wa kwanza Kulwa na wa pili Doto, na yeye ndiye aliyekuwa Kulwa. Baba Doto alibaki Magu na ng'ombe wake na majaruba ya mpunga, baba akafuata maji. Nyuso zao zilianza kuachana uzeeni, maana uso wa baba uliunguzwa na mwanga wa ziwa, ila sauti hazikuachana kamwe. Simu za mkononi zilipoingia, mama yangu, ambaye alifariki miaka michache baadaye, alikuwa akipokea na kuuliza kwanza, "Ni wewe, au ni wewe mwingine?"

Baba alikuwa na desturi moja. Kila alfajiri, kabla ya salamu, kabla ya uji, alimwuliza yeyote aliyetoka ufukweni: "Maji yameamkaje?" Kwa mtu wa kivuko siku nzima ilikuwa ndani ya swali hilo. Kama kuna mawimbi, kama upepo umegeuka, kama magugu maji yameziba gati, alitaka kujua mapema. Sisi watoto tulipaswa kujibu sawasawa. Ukisema yameamka vizuri, alikurudisha ukatazame tena. Tulijibu kwamba yamenuna, au yanajinyoosha, au yamefunikwa shuka la ukungu, naye alitikisa kichwa kama daktari anayesikiliza habari za mgonjwa. Nilikua nikidhani kila baba duniani anauliza hivyo.

Kazi ilinihamisha kama inavyomhamisha kila hakimu. Nilitoka Magu nikaenda Sengerema, nikapata ruhusa ya kusoma shahada ya kwanza, nikarudi nikiwa Hakimu Mkazi jijini Mwanza. Huko niliangukia mikononi mwa Hakimu Mkazi Mfawidhi, mama mnene mwenye kusema taratibu, ambaye tulimwogopa hata alipokuwa likizo. Alinipangia mashauri ya mirathi. Humo nikakutana na wosia wa mdomo, ambao sheria zetu za kimila zinautambua: mtu anaweza kuusia kwa kutamka tu, bila kuandika, mradi ana akili timamu na ametamka mbele ya mashahidi wa ukoo na mashahidi wasio wa ukoo. Shida ni kwamba marehemu akishazikwa kila shahidi humsikia upya. Huyu anasema shamba alipewa mkubwa, yule anasema mdogo, na wote wanalia kwa uchungu wa kweli.

Siku moja Mfawidhi aliniita ofisini kwake. "Nyanzala, haya mashauri utayaamua kwa kubahatisha mpaka lini? Nenda kasome."

"Nimeshasoma, Mheshimiwa."

"Umesoma ya kukuwezesha kufanya kazi. Sasa kasome ya kukutia shaka."

Ndipo nilipoomba ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili ya sheria, nikakubaliwa na chuo kimoja nchini Uswidi. Binti yangu Neema ndiyo kwanza alikuwa ameanza chekechea. Mume wangu, mwalimu wa sekondari, alisema atamlea, na ndugu wakacheka kwamba mtoto atakula ugali mbichi mpaka mama arudi. Kilichonishika miguu kilikuwa kingine. Baba alikuwa ameanza kuugua moyo. Alishastaafu, na kupanda tu kutoka gatini mpaka nyumbani kulimlazimu apumzike njiani mara kadhaa.

Nilimwambia nitaahirisha. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba akisuka upya ncha ya kamba iliyofumuka, kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

"Nenda, mayu," akasema. Mayu kwa Kisukuma ni mama, na ndivyo alivyoniita tangu utoto. "Kivuko hakimsubiri mtu mmoja. Nenda usome umalize. Ukirudi utanikuta."

Niliyachukua maneno yale nikaondoka nayo. Ilikuwa ahadi ya mdomo tu, na mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kusomea udhaifu wa maneno ya mdomo.

*

Mji niliofikia ulikuwa mdogo na ulikaa kando ya ziwa. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya juu, na dirisha lake lilitazama maji. Mwanga wa kule haukuwa na haraka. Wakati wa kipupwe ulikuja umechelewa, ukapita chini chini kwenye miti, ukaondoka kabla hujauzoea. Nilitembea kwenda chuoni nikisikia nyayo zangu tu. Mara nyingi nilihisi kwamba mimi halisi niko nyumbani kwetu Kiseke, Mwanza, namfunga Neema viatu, na huyu anayetembea kwenye theluji ni mtu niliyemwota.

Niwaambie vijana masomo yale yanavyokuwa. Uzamili haufanani na shahada ya kwanza. Hakuna anayekusomea nukuu. Unapewa orodha ndefu ya vitabu na mashauri, mnakutana darasani watu wachache mmezunguka meza, na mwalimu anakutupia swali kisha anakaa kimya kama shahidi wangu wa Magu. Baadaye unaandika tasnifu, yaani utafiti wako mwenyewe, chini ya msimamizi. Wangu alikuwa Profesa wa sheria za mirathi, mama mwembamba mwenye mvi, aliyevua viatu kila alipoingia ofisini na kunihoji akiwa na soksi za sufu. Niliandika juu ya wosia wa mdomo kandokando ya Ziwa Victoria. Alirudisha sura ya kwanza imejaa wino.

"Mahakama zenu zinaamini kumbukumbu za watu," alisema. "Kwa nini?"

"Kwa sababu watu ndio walikuwepo."

"Hilo si jibu la kisheria."

"Ndiyo, Profesa."

"Basi tafuta la kisheria," akasema, akanimiminia kahawa.

Kila asubuhi kabla ya darasa nilimpigia baba kwa kadi ya simu. Tuliamkiana Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola duhu." Yaani ni salama tu. Na papo hapo: "Maji ya huko yameamkaje?"

Nilimweleza. Siku nilipomwambia ziwa limeganda, watu wanatembea juu yake na mbwa wao, aliangua kicheko mpaka kikohozi kikamshika.

"Basi mabaharia wa huko wanakula nini?"

"Wanasubiri, baba."

"Maji yamelala," akasema kwa mshangao, kama aliyepewa siri. "Yakiamka uniambie. Usisahau kuniambia yakiamka."

Alitaka kujua na masomo yangu. Nikamweleza wosia wa mdomo, mashahidi wa ukoo na wasio wa ukoo, akili timamu, maneno yasikike wazi. Alinirudisha nyuma mara mbili tatu kama mwanafunzi mgumu. "Wawili wa ukoo, siyo? Na nahodha wangu wa zamani, yule si ukoo. Huyo angefaa?" Nikasema angefaa sana. Nilifurahi kupata msikilizaji.

Kisha barafu ikapasuka. Ilianza kwa milio mirefu iliyotoka mbali chini ya ziwa, siku baada ya siku, mpaka asubuhi moja nikafungua pazia na kuona maji meusi yanayotikisika, na mapande meupe yakielea juu yake kama pamba ya Magu. Nilikimbilia simu bila hata kunawa uso.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola duhu. Na huko mvua zimeanza?"

Nikangoja swali langu. Halikuja. Nikadhani anatania, nikamwambia mwenyewe. "Baba, barafu imepasuka. Maji yameamka!"

Simu ikawa kimya. Nilisikia jogoo upande wa pili, na mtu akikokota kiti.

"Eeh. Vizuri," sauti ya baba ikasema. "Nyasi zitaota."

Nilibaki nimesimama dirishani na simu mkononi. Baharia hafurahii nyasi. Anayefurahia nyasi ni mtu wa ng'ombe. Sauti ilikuwa ileile, kikohozi kilikuwa kilekile, mayu ilikuwa ileile, lakini shahidi yule alikuwa amefundishwa, na waliomfundisha walisahau swali moja, kwa kuwa kwao lilikuwa tabia tu ya mzee. Kwa mazoea ya kazi kichwa changu kiliandika chenyewe: shahidi amenyamaza.

Nilitoka nikakaa kando ya ziwa lile la watu. Baba yangu amekufa, nikajisemea kwa Kiswahili, halafu kwa Kisukuma, na kwa lugha zote mbili halikuingia. Ndugu zangu wamemzika na hawakuniambia.

*

Wasomaji wa kwetu mnaijua desturi hii. Mtoto akiwa mbali, yuko kwenye mitihani, msiba hufichwa. Watu wazima hukaa kikao na kukubaliana: asiambiwe, asije akavunjika moyo akapoteza masomo. Majirani huonywa. Watoto hufundishwa la kusema. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini wanaoficha kifo chenyewe hujipa moyo kwamba wanaficha kwa upendo.

Mahakamani kuna maswali ya dodoso, yale anayoulizwa shahidi na upande wa pili ili kumtikisa. Mimi nilikuwa nayo tele. Ningemwuliza Baba Doto fundo gani hutumika kufungia kamba ya mbele, na njia ya mwongo ni fupi, yake ingekatikia hapo hapo. Kila asubuhi nilinyanyua simu na swali likiwa tayari mdomoni. Kila asubuhi nilisema, "Mwangaluka, baba," na sauti ile ikaitikia, nami nikashindwa.

Nilishindwa kwa sababu niliipenda. Nilipofumba macho, baba alikuwa pale, amekaa kwenye ngazi, anasuka kamba. Alizungumza habari za ndama na bei ya mpunga, mambo ambayo hakuwahi kuyajali maisha yake yote, na mimi nikamwitikia. Kwa muda wote ule baba yangu hakuwa hai na hakuwa amekufa. Alikuwa sauti inayoniuliza kama mvua zimeanza. Niliamka nikiwa na hasira na ndugu zangu wote, mume wangu akiwemo, na nikishakata simu nilikuwa na amani. Sijui mnaliitaje jambo la namna hiyo. Mimi sikulipatia jina.

Profesa aliona kalamu yangu imepungua kasi.

"Kuna tatizo nyumbani?"

"Sijaambiwa kitu, Profesa."

"Kama hujaambiwa, basi hakuna."

"Kwetu sivyo," nikasema. "Kwetu wakati mwingine kutoambiwa ndiyo habari yenyewe."

Hakuuliza tena. Aliinuka na soksi zake akafunga mlango, akakaa nami mpaka nilipomaliza kulia, na baadaye akasema tuendelee na sura ya tatu. Nikaendelea. Niliandika kwa bidii ambayo sikujua ninayo, maana nilielewa kwamba siku nitakayokabidhi tasnifu ndiyo siku watakayokuwa huru kuniambia. Nilimaliza. Nilifaulu vizuri. Nilivaa joho nikapigwa picha, na kwenye picha ile natabasamu kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili.

Mume wangu alinipokea uwanja wa ndege wa Mwanza na Neema begani. Hatukuelekea Kiseke. Alielekea moja kwa moja kwenye gati la kivuko cha Kamanga.

"Tunakwenda kwa baba?" nikauliza.

"Tunakwenda kwa baba," akasema, macho barabarani.

Mabaharia waliniona nikipanda, wakavua kofia mmoja mmoja. Ziwa lilikuwa limelala chali, jeupe, halina hata kunyanzi. Neema alinilalia mapajani. Tulipokaribia ng'ambo nilisimama, na pale gatini, mahali pake pa siku zote, nikamwona baba yangu. Alikuwa amesimama mikono nyuma akitazama kivuko kinavyoingia. Ukirudi utanikuta, alisema, na nimemkuta. Sitawaficha: kwa muda mfupi ule nilimwamini, nikafurahi kuliko nilivyopata kufurahi maishani.

Mlango wa chuma ukashuka. Mzee akanijia.

"Mayu," akasema. "Mimi siye."

"Najua, Baba Doto. Najua tangu barafu ilipopasuka."

Akanitazama. Machozi yalikuwa yameshajaa. "Ulijua, ukaniacha niendelee?"

"Ulikuwa unaniita mayu kama yeye."

Tulishikana pale gatini, watu na baiskeli na mabeseni ya dagaa wakitupita pande zote mbili, wala hakuna aliyetusukuma.

Kaburi walikuwa wameliacha bila kulisakafia. Udongo wake ulikuwa umekaa, na jembe la baba limelazwa kando. Walikuwa wananisubiri. Nilichukua udongo kwa mkono nikautupia, ndipo kilio kilichokawia kikanitoka chote, na shangazi yangu, dada yake baba, akanishika kiunoni nisianguke. Nilipotulia, hasira ikarudi. Nikawageukia wote.

"Nani alitoa amri hii?"

Nahodha wa zamani wa kivuko akajikohoza. "Mwenyewe marehemu, Mheshimiwa."

Wakanieleza, kila mmoja kwa zamu, kama wako kizimbani. Baba alipoona siku zake zimekaribia aliwaita watu: Doto na shangazi wa upande wa ukoo, nahodha na katekista wa kigango wasio wa ukoo. Akawaketisha. Akawaambia anafanya kama sheria inavyotaka, kama binti yake hakimu alivyomfundisha kwa simu. Akamuusia jembe huyu, nyavu yule, na nyumba akaigawa bila ugomvi. Mwisho akatamka kwamba Nyanzala asiambiwe mpaka amalize, na sauti yake anamwachia Doto aitumie kwa kazi hiyo.

"Alikuwa na akili timamu?" nikauliza. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mahakamani.

"Timamu kuliko sisi," nahodha akasema. "Tulimwambia si vizuri. Akasema ameshatamka, tumeshasikia, basi."

Nimeamua mashauri mengi ya mirathi kabla ya siku ile na baada yake. Sikupata kukutana na mashahidi wanne ambao maneno yao yalilingana namna ile. Nikasoma sheria yote kichwani, pale pale kaburini, nikitafuta mahali pa kuutengua wosia ule. Sheria ya wosia ni ya mali, si ya ukimya, kwa hiyo pa kuutengua palikuwepo. Nikatazama nyuso zao nne zilizochoka kunidanganya, nikauacha ulivyo.

*

Nilirudi kazini. Niliketi Mwanza, nikaenda Musoma, nikaenda Geita, nikarudi Mwanza. Nilikuwa Mfawidhi kwa zamu yangu, nikawaogopesha vijana kama nilivyoogopeshwa. Waliniona mkali kwenye jambo moja: nilikagua mwenendo wa kila hakimu mpya nikitafuta mahali shahidi alipoulizwa na jibu halipo. Baba Doto aliendelea kunipigia simu mpaka alipofariki naye, na kila mara alianza kwa kusema, "Ni mimi mwenyewe, mayu, ni mimi mwingine." Kumzika yeye ilikuwa kumzika baba kwa mara ya pili, safari hii nikiwepo.

Sasa nimestaafu. Nakaa Kiseke, kwenye kibaraza chenye mwamba mkubwa nyuma yake, na ziwa naliona kwa mbali kati ya mapaa. Moyo alionirithisha baba umeanza madai yake. Daktari ameninyima chumvi, na kupanda tu kutoka barabarani napumzika njiani. Na Neema, yule wa chekechea, ni wakili wa serikali, na mwaka huu amepata nafasi ya kusoma uzamili wa sheria ng'ambo.

Kabla hajaondoka tuliketi tukichambua mchele uliotoka Magu.

"Mama, nikuulize swali la kisheria?"

"La kisheria uliza. La mapenzi mpelekee baba yako."

Hakucheka. "Likitokea la kutokea, nitaambiwa?"

Nikaokota kijiwe nikakitupa. "Wewe unatakaje?"

"Niambiwe."

"Ukiwa katikati ya mitihani?"

"Mtihani unarudiwa, mama."

Nilinyamaza. Hakimu wa Magu angeandika hivyo. Nilitaka kumwahidi, lakini nawajua watu wangu. Wakiapa leo mbele yangu, siku hiyo itakapofika watakaa sebuleni na kufunga mlango, na mtu mmoja mwenye huruma atasema, "Tumwache kwanza amalize." Nami mwenyewe, nikiwa kitandani nimebanwa pumzi, sina hakika kwamba sitawaita mashahidi wanne nikatamka kama baba. Tena siku hizi sauti ya mtu huigizwa hata na mashine, haihitaji pacha. Ahadi gani nitampa mwanangu ambayo haitegemei mdomo wa mtu?

Kwa hiyo nilimwambia anipigie kila asubuhi, nami nitamwuliza swali la babu yake. Nikiuliza, ajue nipo. Asubuhi ambayo atakayepokea hataliuliza, asidodose mtu, asimwaibishe mtu. Apange mizigo aje nyumbani.

Alikubali. Alilia kidogo juu ya ungo wa mchele, nami nililia, tukamaliza kuuchambua.

Chuo chake kiko kando ya mto. Kila asubuhi simu inaita nikiwa bado kitandani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Maji yameamkaje?"

Hajibu mara moja. Ananyamaza kidogo, nasikia pumzi yake, nami najua anahakiki kwamba ni mimi. Kisha ananiambia: yamejaa mpaka chini ya daraja, au yana ukungu, au bata wamerudi. Akisema yameamka vizuri, namrudisha dirishani akatazame tena.

Ninyi wa nyumbani mtakaoyasoma haya, na najua mtayasoma, ulizeni juu ya mvua, juu ya baridi, juu ya chakula cha huko, mpendavyo. Hilo la maji niachieni.